Kijana wetu anataka kutujengea mfumo wa stoo kwa programu za bure, nimruhusu?

SWALI: "Habari za kazi kaka. Sisi tunauza spea za pikipiki na bajaji, jumla na rejareja, duka kubwa lipo Gerezani, matawi mawili Mbagala na Tegeta. Stoo tunaiandika kwenye Google Sheets, matawi wanaomba mzigo WhatsApp, na kila mwisho wa mwezi hesabu haikubali. Juzi sheet inasema plagi ziko 32, kwenye boksi tumehesabu 22. Fundi mmoja katupigia milioni 9 atutengenezee mfumo. Mtoto wa dada yangu kamaliza chuo, anajua SQL kidogo, anasema tusitoe hiyo hela, kuna Appsmith, ToolJet na Budibase, ni bure na unaburuta tu vitu kwenye skrini mfumo unakamilika. Mume wangu anasema kitu cha bure ambacho msimbo wake kila mtu anauona, si watu wataona mpaka madeni ya wateja wetu? Na intaneti ikikata je? Na kijana akipata kazi kwingine tunabaki na nani? Naomba unishauri kama ungemshauri dada yako."

JIBU: Salama dada yangu, na pole na hizo plagi 10. Humo kwenye swali lako kuna maswali kama manne, ila chini yake kuna moja hujaliuliza, kwamba hesabu haikubali kwasababu gani hasa, na naomba tuanze na hilo maana ukitoa milioni 9 au ukajengewa cha bure bila kulijua, mwisho wa mwezi mtakuwa palepale.

Biashara nyingi za hapa mjini stoo isipokubali kinachofuata ni kutafutana mwizi. Wizi upo, sikatai. Lakini angalia namba zako zenyewe. Tuseme asubuhi plagi zilikuwa 40. Kijana wa Mbagala kafungua sheet kwenye simu kaona 40, kachukua 10, akaenda kwanza kupakia. Wa Tegeta muda huohuo kafungua naye kaona 40 hiyohiyo, kachukua 8. Wa Mbagala karudi kwenye simu kafuta 40 kaandika 30. Dakika mbili mbele wa Tegeta, ambaye kichwani bado ana 40, kafuta alichokikuta kaandika 32. Sheet inasema 32, boksi lina 22, na hakuna aliyeiba hata plagi moja. Ndo maana nakuomba kabla hujamkata mtu mshahara au kumfukuza, ulijue hili kwanza, vijana wengi wameondoka maduka ya watu na jina baya kwa kosa la aina hii.

Tatizo hapo ni kwamba mnaandika salio. Kila mtu anapiga hesabu kichwani alafu anaandika jibu lake juu ya jibu la mwenzake, na aliyeandika mwisho ndo anabaki. Dawa ni kuacha kuandika salio na kuanza kuandika mwendo wa mzigo, yaani kila spea ikisogea mnaandika mstari mpya: tarehe, bidhaa, imetoka wapi, imeenda wapi, ngapi, nani kaitoa. Hakuna kufuta. Imetoka 10, imetoka 8, salio linajumlishwa lenyewe. Mtu akikosea anaandika mstari mwingine wa kurekebisha na ule wa kwanza unabaki palepale ili kesho ujue nini kilitokea. Na hili mnaweza kulianza wiki hii bila mfumo wowote mpya, tengenezeni fomu ya Google, vijana wajaze fomu tu, sheet inayopokea majibu wasiwe na ruhusa ya kuigusa, pembeni weka fomula ya SUMIFS ikupe salio la kila bidhaa kwa kila tawi. Mkae nayo mwezi mzima. Utashangaa ni kiasi gani cha upotevu kitapungua, na zaidi ya hapo utakuwa umeshajua vijana wanaandika kweli au hawaandiki, maana hakuna mfumo duniani unaoweza kuhesabu mzigo uliotoka mlango wa nyuma bila kuandikwa.

Sasa kwanini msibaki hapohapo? Kwasababu fomu haiwezi kumkatalia mtu. Akiandika anachukua 50 wakati zipo 22, inapokea tu. Haiwezi pia kusema ombi la Tegeta lisubiri mpaka bosi akubali. Hapo ndipo majukwaa anayoyasema kijana wako yanapoanza kuwa na maana.

Appsmith, ToolJet na Budibase kazi yao inafanana. Nyuma kuna databesi ambayo ndo inatunza data, mbele jukwaa linakupa jedwali, fomu, vitufe na chati za kuburuta, alafu kila kitufe unakifunga na amri inayoenda kwenye databesi, mara nyingi ya SQL, yaani lugha ya kuiagiza databesi. Kwahiyo aliyosema kijana ni kweli nusu. Skrini ya kuombea mzigo kwa mtu anayejua SQL kidogo ni kazi ya siku chache, wakati kuiandika kutoka mwanzo ingekula wiki. Ila skrini ni sehemu rahisi. Kazi yenyewe ipo kwenye maswali kama haya, watu wawili wakibonyeza "toa" kwa pamoja nani anapata? Mtandao ukisinzia, mtu akabonyeza mara tatu, zinatoka plagi 10 au 30? Nani anaruhusiwa kubadili bei? Hayo hayaburutwi, yanafikiriwa.

Mwambie kijana mambo matatu na ayashike vizuri. La kwanza, kuangalia salio na kuandika mwendo vifanyike kwenye muamala mmoja wa databesi, na ule mstari wa bidhaa ufungwe wakati huo, kwenye PostgreSQL (ni databesi ya bure) aisome ile amri ya FOR UPDATE, ili wa pili asubiri wa kwanza amalize. La pili, kila ombi lipewe namba yake inayotengenezwa mara tu fomu inapofunguliwa, na databesi ikatae namba hiyo kuingia mara mbili, hapo hata mtu abonyeze mara kumi inaingia moja. La tatu, na hili wengi wanalikosa, kuficha kitufe sio kumzuia mtu. Kwenye majukwaa haya ukimpa mtu ruhusa ya kuingia kwenye programu, ile amri iliyo nyuma ya kitufe bado ipo na mjanja anaweza kuiita hata kama kitufe hakioni. Kwahiyo programu ya matawi na programu ya bosi zitenganishwe kabisa, na kila moja iingie kwenye databesi kwa mtumiaji tofauti mwenye ruhusa zake, huyo wa matawi asiwe na uwezo wa kufuta chochote wala kugusa bei. Kanuni za hela zikae kwenye databesi, zisikae kwenye skrini.

Na hapo tunafika kwenye ushauri ambao ningekupa hata ungekuwa na dakika moja tu ya kunisikiliza. Databesi ndo stoo yako, jukwaa ni kaunta. Kaunta unaweza kuibomoa ukajenga nyingine wiki ijayo na mzigo wako upo. Budibase na ToolJet zina databesi za ndani ambazo ni rahisi kuanzia, na kijana atavutika nazo, lakini mwambie data ya biashara iende kwenye PostgreSQL yenu wenyewe mliyoiweka nyie, jukwaa liunganishwe tu. Kampuni zinazotengeneza haya majukwaa zinabadilisha bei, zinabadilisha laisensi, zinauzwa, nyingine zinakufa. Kama data ipo kwako, siku hiyo ikifika mnaweka jukwaa lingine mbele ya databesi ileile.

Tuje kwenye neno bure. Programu zenyewe ni bure kweli, Appsmith ipo chini ya laisensi ya Apache 2.0, ToolJet AGPL v3, Budibase sehemu kubwa ni GPL v3, na kwa kuzitumia ndani ya biashara yenu wenyewe hakuna anayewadai. Ila hizo kampuni nazo zinakula, kwahiyo vitu fulani vimewekwa kwenye toleo la kulipia, mfano ruhusa za kina za nani afanye nini na kumbukumbu za ukaguzi, na ukomo wa watumiaji hubadilika, kwahiyo asome ukurasa wa bei kabla hajajenga sio baada. (Baadae atakuja na n8n kwa ajili ya kutuma taarifa moja kwa moja. Ni nzuri, ila laisensi yake ina masharti, sio programu huria (yenye msimbo ulio wazi kwa wote) kwa maana kamili, kwa matumizi ya ndani haiwasumbui.) Mtakacholipia ni seva, yaani kompyuta inayowaka muda wote kubeba mfumo, ambayo Appsmith kwa mfano inataka RAM ya GB 4 ndo ipumue, na nyingi zinalipiwa kwa dola kwa kadi kila mwezi, alafu mnalipia bakapu, na mnalipia muda wa mtu wa kuitunza. Hicho cha mwisho ndo watu hawakipigii hesabu na ndo kikubwa kuliko vyote. Kama kijana anaitunza bila malipo kwasababu ni mtoto wa nyumbani, mpangie hata posho ya kueleweka, kazi ya bure ya ndugu huwa inaishia njiani.

Shemeji mwambie hofu yake ina msingi ila ameielekeza pasipo. Msimbo kuwa wazi maana yake ni kwamba mtu yeyote anaweza kusoma jinsi programu ilivyoandikwa, data zenu hazimo humo kabisa, zipo kwenye seva yenu. PostgreSQL yenyewe ni huria na inatumika na makampuni makubwa dunia nzima. Hatari halisi ni nyingine. Mwaka 2025 lilitangazwa tundu kwenye Appsmith, matoleo ya kabla ya 1.52, na lilivyokuwa linafanya kazi ni hivi: kwa kawaida ukishaiweka inaruhusu mtu yeyote ajisajili mwenyewe, sasa mgeni akijisajili anatengeneza sehemu yake ya kazi, anaunganisha ile databesi ndogo ya ndani ambayo haikuwa imelindwa na neno la siri, na kupitia hapo anapitisha amri mpaka kwenye seva. Lilizibwa. Lakini aliyeiweka kabla ya hapo akaisahau bado yuko wazi. Kwahiyo siku ya kwanza kabisa zimeni usajili wa wazi, sasisheni toleo kila mwezi, weka HTTPS, na ikiwezekana mfumo usifunguke mtandaoni kwa kila mtu, upitie VPN, yaani njia ya siri ya mtandao kwa simu mlizoziruhusu tu, kama WireGuard au Tailscale, simu za vijana sita au saba kuziwekea sio kazi kubwa.

Na kwa kuwa shemeji kataja madeni ya wateja, majina na namba za simu za watu ni taarifa binafsi kisheria. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume inayosajili wanaokusanya na kuchakata taarifa hizo. Sheria ina masharti pia ya kuzipeleka nje ya nchi, na seva nyingi za bei nafuu ziko Ulaya. Msiziweke huko kimyakimya, nendeni Tume mkaulize usajili unawahusu vipi, au tafuteni kampuni ya hapahapa Dar inayokodisha seva. Mimi ningeanza na ya hapa. Na kwa kuanzia wala msiweke madeni kwenye mfumo huu, anzeni na spea tu.

Intaneti. Majukwaa haya hayafanyi kazi bila kuifikia seva, msidanganywe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na mtandao ukadorora karibu kote nchini, nadhani mnakumbuka, siku kama hiyo aliye na seva Ulaya anaangalia skrini nyeupe. Seva ikiwa hapa nchini mna nafuu kidogo. Ukiiweka pale Gerezani dukani na UPS yake (betri ya akiba), duka kubwa linaendelea hata mtandao wa nje ukikata, ila Mbagala na Tegeta hawaoni kitu, na umeme ukikatika muda mrefu UPS nayo inaisha. Kwa matawi mawili yanayoomba mzigo kila siku mimi ningeiweka kwenye seva ya kukodi, alafu kila duka liwe na daftari lenye safu zilezile za kwenye mfumo, mtandao ukikata mnaandika daftarini, ukirudi mtu mmoja aliyeteuliwa anaingiza na kutia alama ya vema kila mstari. Daftari sio aibu. Na kila duka liwe na laini ya mtandao mwingine wa akiba.

Swali la kijana akiondoka ndo lililonigusa zaidi, kwasababu ndo linaloua mifumo mingi, ya bure na ya kulipia. Akaunti ya seva, jina la tovuti, kila kitu kifunguliwe kwa imeili ya biashara na namba ya simu unayoishika wewe, sio yake. Alafu kuna kitu kidogo ambacho kama hujui hutakiulizia. Majukwaa haya yanatunza maneno ya siri ya kuingilia kwenye databesi yakiwa yamefungwa kwa ufunguo ambao upo kwenye faili la mipangilio, kwa Appsmith ni mistari miwili, APPSMITH_ENCRYPTION_PASSWORD na APPSMITH_ENCRYPTION_SALT, kwa ToolJet ni LOCKBOX_MASTER_KEY. Seva ikiungua, mkawa na bakapu ya kila kitu isipokuwa hiyo mistari, mtarudisha programu ila hamtaweza kufungua miunganisho yake. Mwambie akuchapishie kwenye karatasi, weka kabatini na hati za duka.

Bakapu ya databesi itoke kila usiku yenyewe kwa pg_dump na nakala iende sehemu nyingine tofauti na seva. Na kila baada ya miezi kama mitatu akae mbele yako airudishe kwenye laptopu, ufungue mwenyewe uone salio la jana.

Sasa fundi wa milioni 9. Sitasema ni ghali wala rahisi kabla hujamuuliza: msimbo utakuwa wa nani, data iko kwenye databesi gani na nitapata nakala lini nikitaka, matengenezo baada ya mwaka ni kiasi gani, na ile ya watu wawili kubonyeza pamoja umeitatuaje. Akijibu vizuri hasa hilo la mwisho ni mtu wa kumsikiliza. Akikwambia "usijali mama", endelea kujali.

Kuna njia ya nne hakuna aliyeitaja kwenu. ERPNext na Odoo toleo la jamii ni programu huria pia, na stoo, manunuzi na uhamisho kati ya matawi vimo tayari, na ERPNext ina uhasibu pia, ila kwa Odoo uhasibu kamili upo kwenye toleo la kulipia. Kama unachotaka ni biashara nzima, mauzo, madeni, faida na hasara, usikubali kijana ajenge uhasibu kwenye Appsmith, hiyo ni kazi iliyoshafanywa na watu kwa miaka mingi. Ubaya wake ni kwamba ni mikubwa, ina maneno mengi ya kihasibu, na vijana wa kaunta watahitaji kufundishwa kwa uvumilivu, wiki mbili za kwanza watakulalamikia sana. Na mkichagua njia yoyote kati ya hizi, risiti ya mauzo bado inatoka kwenye EFD au VFD (mashine au programu ya risiti za kodi) iliyokubaliwa na TRA, mfumo wa ndani hauchukui nafasi ya hiyo.

Ungekuwa dada yangu ningekwambia hivi. Mwezi huu fomu ya Google na miendo. Mwezi unaofuata kijana ajenge kitu kimoja tu, ombi la mzigo kutoka tawi, bosi kukubali, stoo kutoa, tawi kupokea, kwa Appsmith au ToolJet juu ya PostgreSQL, atakayoielewa yeye haraka. Tegeta waanze peke yao, Mbagala wabaki na fomu. Zile milioni 9 zisiguswe, ila tenga sehemu ndogo umlipe mtu mzoefu aje siku moja kabla hamjawasha, akae na kijana, aangalie ruhusa, bakapu na usajili wa wazi. Hiyo siku moja sio ya kubania.

Na kuna wakati maelezo yangu ya maandishi hayatoshi. Kama baada ya mwezi wa kuandika miendo hesabu bado haikubali, hapo sio programu tena, mtafute mhasibu aje ahesabu stoo nzima kwa mkono duka limefungwa, Jumapili ni nzuri, alafu mpange upya nani anashika funguo. Kama mnataka kuingiza madeni ya wateja, mwone mwanasheria au nendeni Tume kwanza. Na kama mtu ameingia kwenye mfumo bila ruhusa, kijana asijaribu kusafisha mwenyewe, achomoe seva mtandaoni, asifute chochote, na mumuite mtu wa usalama wa mifumo siku hiyohiyo.